Kaburi la Uzioni

Uzi ulirudi umelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha mjini Strelivka tangu ngano ivunwe.

Hinde aliuhisi kwanza kwenye kidole gumba, wakati anaukunja kuwa donge. Yeye na jirani yake Treine walikuwa wamemaliza kuyazunguka makaburi, kama wafanyavyo wanawake wa Kiyahudi wa kule kila mwezi wa Eluli kabla ya sikukuu kubwa: mmoja ameshika uzi wa pamba, mwingine anauvuta, nao wanatembea taratibu huku wakiomba na kuwataja marehemu kwa majina. Uzi huo baadaye huwa utambi wa mshumaa wa wafu, unaowashwa sinagogini jioni ya kuingia Siku ya Upatanisho, ili waliolala wawaombee waliobaki. Hinde aliirithi kazi hiyo kwa mama yake, na mji mzima uliisifu mikono yake.

"Hebu shika hapa," alimwambia Treine. "Una maji?"

Treine akashika. "Umande huo."

"Umande gani saa hizi, jua liko utosini?"

"Basi ni jasho lako. Unatoka jasho kama farasi wa posta." Treine akacheka peke yake, kisha akausogeza uzi puani na kicheko kikakatika. "Mbona unanuka tope?"

Hinde alikuwa anatazama pembe ya mwisho ya makaburi, pale uzio wa mbao ulipoinama, na ng'ambo ya uzio, hatua chache tu, tuta la udongo lisilo na jiwe wala jina, limefunikwa na magugu.

"Tumpitishie na yeye leo?" Treine aliuliza, kama alivyouliza kila mwaka, bila ubaya wowote.

"Yule yuko nje."

"Ni mdogo wako, Hinde. Tumbo moja."

"Nimesema yuko nje. Wazee ndio waliomzika nje, si mimi. Kunja uzi twende."

Aliyelala pale ni Rikle. Alikwenda mjini Odesa kufanya kazi za ndani akiwa msichana, akarudi na tumbo bila mume, na siku aliyorudi ndiyo siku aliyokufa. Msaga nafaka alimkuta asubuhi kwenye bwawa la kinu, sketi imetanda juu ya maji. Aliteleza au alijitupa? Hakuna aliyejua, na wazee hawakutaka kubahatisha, wakamzika nje ya uzio. Hinde alilia kama dada anavyolia. Miezi michache baadaye aliolewa na Zelik mshona kofia, na tangu hapo hakulitamka jina la Rikle mbele ya mtu.

Nyumbani aliutundika uzi juu ya jiko la udongo ukauke. Kesho yake ulikuwa bado unadondosha matone.

*

Zelik alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu nyekundu na mdomo usiotulia. Alishona kofia za Sabato za nusu ya wilaya, na alipokuwa hasemi alikuwa anaimba zile nyimbo zisizo na maneno ambazo alizipata kwa Rebe wake, rabi wa Zalishke, ambaye wafuasi wake walisema roho inapanda juu kwa wimbo upesi kuliko kwa maneno. Waliishi na mama yake, Kreine, mjukuu wa marabi, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama sindano, ambaye Hinde alimwogopa tangu uchumba na hakuwahi kuacha kumwogopa. Watoto Mungu hakuwa amewapa.

Sabato ile, baada ya chakula kizito cha mchana, maharage na shayiri na nyama ya bata bukini vilivyolala jikoni tangu jana yake, Zelik alipanda kitandani kujinyoosha. Kreine alisinzia kitini. Nyumba ilitulia, nzi tu wakigonga kioo. Hinde akasikia maji.

Si maji ya kumwagika. Ni mtu anayetembea na viatu vilivyojaa maji, hatua baada ya hatua, chubwi, chubwi, kutoka jikoni kuelekea chumbani. Akanyanyuka. Sakafu ilikuwa kavu. Akasukuma mlango wa chumba.

Uzi wa makaburini ulikuwa umelazwa juu ya mumewe. Ulianzia utosini, ukapita katikati ya paji la uso, juu ya pua, juu ya ndevu, ukashuka kifuani na tumboni hadi kwenye kidole cha mguu, umenyooka kama ulivyonyooshwa na fundi, na kila ulipopita shati lilikuwa limelowa mstari mmoja mwembamba.

Zelik akafumbua jicho. Akaushika uzi, akautazama, akatabasamu.

"Unanipimia sanda, mke wangu? Ngoja basi nife kwanza."

"Nilikuwa… umeanguka kutoka jikoni," Hinde alisema.

"Jiko liko chumba kingine."

"Basi paka."

"Tuna paka?"

Hinde akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamtisha. Alingoja Sabato iishe, akauchukua uzi kwa ncha za vidole na kuufungia sandukuni chini ya mashuka.

Harufu ilibaki. Harufu ya bwawa, ya majani yaliyooza, ilikaa kwenye mito na kwenye unga. Kreine alimlaumu kwa kufua vibaya. Kofia mpya zilianza kupata ukungu rafuni, mteja mmoja akarudisha yake akisema imemlowesha kichwa. Zelik akawa anakunywa maji usiku na mchana na kiu haimwishi. Kisha akaacha kuimba. Hinde aligundua hilo siku moja akimenya figili, kwamba nyumba imekuwa kimya, na kwamba mumewe amekaa mbele ya kitambaa, sindano mkononi, anatazama mlango.

"Unangoja nani?" alimwuliza.

"Sijui," Zelik akasema polepole. "Najisikia kama nimeachwa mahali."

*

Ikaja Sabato nyingine, ikazama, na watu wa nyumba ile wakakaa mezani bila taa kama desturi ilivyo, wakingoja nyota zitoke ndipo wawashe mshumaa wa kuiaga siku. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa kijivu. Kulikuwa na samaki wa chumvi na mabaki ya mkate wa kusuka, na hakuna aliyekula.

Hodi ikabishwa mlangoni.

Alikuwa Treine, na sauti yake ilisikika wazi kabisa kutoka nje: "Hinde! Niazimeni kikopo chenu cha viungo vya kuagia Sabato, changu watoto wamekimwaga!" Hinde akasukuma kiti ainuke. Hapo ndipo Zelik alipomshika mkono wa nguo, na mkono ule mnene wa fundi ulikuwa wa baridi kama kitu kilichotolewa kisimani, na mdomo wake ukafunguka katikati ya ndevu nyekundu, na sauti iliyotoka haikuwa yake, haikuwa ya mwanamume, ilikuwa sauti nyembamba ya msichana mwenye mafua, inayotetemeka kwa baridi, sauti ambayo Hinde aliijua kabla hajaisikia vizuri kwa sababu alilala nayo kitanda kimoja tangu utoto, na ikasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwenzake cha kujibu:

"Usifungue. Hinde hayupo. Hinde ameenda sokoni."

Kreine akaangusha kikombe.

"Mwanangu," alinong'ona. "Mwanangu, unaongeaje hivyo?"

"Hayupo," ilisema ile sauti, na sasa ilikuwa inalia, na maji ya kijani yakamtiririka Zelik kwenye pembe za mdomo hadi shingoni. "Ananukia mkate na hayupo. Anapumua na hayupo. Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango na hayupo."

Hinde alisimama pale. Mama mkwe alianza kusoma Zaburi kwa midomo inayogongana. Treine alikuwa ameingia mwenyewe, akasimama kizingitini na kiganja mdomoni.

"Ni dibuki," Treine alisema. "Mungu wangu. Roho ya mfu imempanda. Hinde, inakutaja wewe."

"Inataja tu," alisema Hinde. "Pepo wanataja mtu yeyote."

*

Walimpeleka Zalishke kwa gari la farasi, Zelik amefungwa koti juu ya koti na bado anatetemeka. Kreine alimshika mwanawe njia nzima. Hinde alikaa nyuma peke yake. Mara moja Zelik alirudiwa na akili, akageuka akamwuliza kwa sauti yake mwenyewe, "Mke wangu, mdogo wako alikufaje?" na kabla hajajibu macho yake yalikuwa yamepotea tena.

Rebe alikuwa mzee mdogo mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Ukumbi wake ulijaa wanaume waliosikia habari. Kumi kati yao walikuwa tayari wamevaa mashuka ya sala, mmoja ameshika pembe ya kondoo dume. Walitaka amri itolewe, pembe ipulizwe, pepo atoke kwa kidole kidogo cha mguu, mambo yaishe. Rebe akamwashiria mwenye pembe aishushe.

Akavuta kiti, akakaa mbele ya Zelik, magoti kwa magoti.

"Karibu, binti," alisema. "Una baridi?"

Zelik akainua kichwa.

"Sana," sauti ikajibu.

"Jina lako nani?"

"Rikle binti Mendel."

"Umeingiaje kwa mtu huyu, Rikle?"

"Kila mwaka uzi unapita karibu na miguu yangu. Wanawataja wote, mimi wananiruka. Mwaka huu nikaushika."

"Na kwa nini mume, na si dada?"

Maji yalidondoka kwenye mbao. "Kwa sababu ili dada ampate huyu, mimi sikufunguliwa mlango."

Rebe akageuka kitini. Hakumkemea. Alimtazama Hinde, aliyesimama karibu na mlango wa wanawake na ushungi wake umeshuka machoni, na akasema kwa sauti ya chini, "Mama, siku ile ulikuwa wapi?"

"Sokoni, Rebe." Ulimi ulijibu wenyewe. Ulikuwa umezoea jibu hilo.

Zelik akajipinda nyuma hadi kiti kikalia. Maji yakamtoka mdomoni na puani, mengi, meusi, pamoja na majani, akawa anazama mle ndani, mbele ya watu wote, kwenye sakafu kavu. Kreine alipiga ukelele. Wanaume wakarudi nyuma. Mwenye pembe akaiinua, na Rebe bila kugeuka akaishika akaishusha tena.

"Watu wananiambia, mfukuze," Rebe alisema. "Nimfukuzie wapi? Huyu alikwisha kufukuzwa. Ndani ya kila kilichoanguka kuna cheche ya Mungu, na cheche haipandi juu kwa kupigiwa kelele. Inapanda mtu akishuka pale ilipoangukia, akaiokota. Mama, shuka. Mumeo anazama."

Hinde akapiga magoti kwenye yale maji.

"Nilikuwa ndani," alisema.

"Sema, wasikie."

"Nilikuwa ndani! Nilikuwa ninaoka. Siku ile mama yake Zelik alikuwa anakuja kuniona, kuamua kama nafaa. Rikle akabisha. Akasema, dada, fungua, nimelowa mvua, najua upo, nasikia harufu ya mkate. Tumbo lake nililiona kupitia ufa. Nikafikiri, wakimkuta hapa, nimekwisha. Nikashika komeo kwa mikono miwili. Alibisha sana, halafu akabisha taratibu, halafu akakaa kizingitini, nikasikia nguo yake inateleza kwenye ubao. Nikaendelea kushika. Aliponyanyuka kuondoka nilifurahi." Akaziba uso. "Nilifurahi. Halafu mama mkwe akaja, nikampa mkate ukiwa bado wa moto."

Zelik alikuwa anapumua. Kwa shida, lakini anapumua.

Kreine akasogea karibu. Hakupandisha sauti.

"Ningemfungulia," alisema. "Mimi ningemfungulia, Hinde. Hukuniuliza."

Pale Hinde alielewa kwamba kwa miaka yote ile alikuwa amemwogopa mtu ambaye hayupo, na kwamba Rikle alikufa kwa ajili ya mtu huyo asiyekuwepo. Angependa kupigwa. Hakuna aliyempiga.

*

Makaburini Strelivka walifika mchana kweupe, wale wanaume kumi, Rebe, Kreine, Treine, na Zelik akishikiliwa kwapani. Rebe aling'oa mbao za uzio kwa mikono yake mwenyewe, na wengine wakaona haya, wakamsaidia. Hinde alifyeka magugu. Kisha akafungua lile donge la uzi, likiwa bado bichi, akazunguka kaburi la mdogo wake peke yake huku anamtaja: Rikle binti Mendel, Rikle binti Mendel, na mtoto wake asiye na jina. Mbele ya wale kumi akasema, kama sheria inavyotaka kwa aliyemkosea marehemu, "Nimemkosea Mungu wa Israeli, na nimemkosea dada yangu huyu." Uzi ukaanza kukauka vidoleni mwake. Aliuhisi ukiwa mwepesi.

"Rikle," Rebe aliita, "sasa umo ndani. Mwachie mtu huyu, uende upumzike."

Zelik akatabasamu, tabasamu la msichana kwenye uso wa mwanamume mzima, kitu ambacho waliokiona hawakupenda kukisimulia baadaye.

"Dada," sauti ilisema. "Basi naenda."

Watu walitarajia Hinde aseme nenda kwa amani. Alisema hivyo, na wote wakasikia. Lakini pembe ilipolia, na Zelik alipokakamaa, Hinde aliinamia kaburi akatamka neno moja zaidi chini ya ushungi, chini ya mlio, neno lililomtoka kabla hajalipima:

"Baki."

Ukucha wa kidole kidogo cha mguu wa Zelik ulipasuka, tone la damu likatoka. Akakaa chini kwenye nyasi, akatazama huku na huku, akauliza kwa sauti yake nene kwa nini ametolewa nyumbani bila kofia. Watu wakalia, wakacheka, wakakumbatiana. Hinde pia alilia.

Mshumaa wa wafu uliwashwa mwaka ule, ukawaka vizuri usiku kucha. Zelik alimsamehe. Alikuwa ameambiwa yote, akakaa nayo siku kadhaa bila kushona, kisha akamjia jikoni akasema, "Ulikuwa na hofu. Hata mimi namwogopa mama." Akajaribu kucheka. Kreine naye hakumtupia neno tena. Alimmegea mkate mezani na kumwita binti, na kila alipoitwa hivyo Hinde aliuacha mkate mezani. Wanawake waliacha kumletea nyuzi za tambi. Treine tu ndiye aliyeendelea kumsalimia.

Baridi ikaingia, theluji ikafika madirishani. Ilikuwa Sabato, baada ya chakula. Zelik amelala chali, Hinde amekaa pembeni ya kitanda. Midomo ya Zelik ikatikisika.

"Dada," ilisema sauti nyembamba, kwa mbali, kama mtu anayeongea akiwa chini ya blanketi. "Theluji imeanguka?"

Hinde alijua anachotakiwa kufanya: kumwita mama mkwe, kufunga farasi kesho, kwenda Zalishke. Akatazama mlango. Kisha akainama hadi sikioni.

"Imeanguka," alinong'ona. "Imejaa hadi dirishani."

"Unakumbuka tulivyokuwa tunaila na asali?"

"Nakumbuka."

Waliongea hadi mwanga ukafifia, na Zelik akaamka amechoka, akisema ameota anavuka mto.

Sabato iliyofuata vilevile. Na nyingine. Rebe alipopita Strelivka wakati theluji inayeyuka, alimwita Hinde kando akamwuliza kama nyumba imetulia, na akamtazama kwa muda mrefu alipokuwa anauliza. Hinde akamjibu bila kupepesa, "Imetulia, Rebe. Hakuna kitu." Mama mkwe alianza kuweka kijiko cha ziada cha mafuta ya bata kwenye sahani ya mwanawe, akilalamika kwamba kazi inamkausha. Zelik mwenyewe alikuwa mchangamfu, anaimba tena, ila pumzi ilimkatikia kabla wimbo haujafika juu.

Katika sikukuu ya Pasaka alivaa kofia yake ya manyoya, ile aliyojishonea kwa kipimo chake mwenyewe, nayo ikamshuka hadi kwenye nyusi. Akaisukuma juu, akacheka, akamwambia mkewe ampunguzie upana wake.

Hinde aliipunguza kwa uzi mweusi, kwa mishono midogo midogo, vizuri sana. Kisha akaanza kuingoja Sabato.